Sekunde Nane Juu ya Mwanza

Machi 1979 ilikuwa ikielekea ukingoni pale Kanali Muammar Gaddafi alipompa Mwalimu Julius Nyerere saa 24 za kuondoa majeshi yake Uganda, la sivyo Libya ingeingia vitani waziwazi. Mwalimu alijibu redioni kwa utulivu kwamba kuongezeka kwa Walibya hakubadilishi msimamo wake juu ya Rais Idi Amin wa Uganda. Tarehe 29 ya mwezi huohuo ndege ya Libya ya kudondosha mabomu, aina ya Tupolev Tu-22, ilikuja kuishambulia bohari ya mafuta ya Mwanza. Haikuipata. Mzigo wake uliangukia Kisiwa cha Saanane, ambako wakati huo kulikuwa na bustani ya wanyama, ukamjeruhi mfanyakazi mmoja na kuua wanyama kadhaa, swala wakiwamo. Tangu siku hiyo kisa hiki kimekuwa cha kuchekea: mtu kavuka jangwa na misitu na dege la mamilioni, kaja kupigana na swala. Kicheko hicho ni halali kabisa, ila kimetufanya tusiulize swali la maana: kwa nini ndege kubwa namna ile, iliyoundwa kwa kazi hiyohiyo, ilishindwa kuupiga mji ulio wazi kando ya ziwa? Jibu la makala haya ni kwamba haikukosa kwa bahati mbaya. Ilitumwa kama barua ya vitisho, ikarushwa kama barua ya vitisho, na bomu linalorushwa hivyo kwa kawaida huangukia pasipohusika.

Msomaji wa Bariadi anaweza kusema hayo ni ya Mwanza, yeye yanamhusu nini. Kweli, mwaka ule Mkoa wa Simiyu haukuwapo, umeanzishwa 2012. Maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu yalikuwa Shinyanga, na Busega ya leo ilikuwa sehemu ya Magu, mkoani Mwanza. Lakini uchumi haukujali mipaka ya mikoa. Reli iliyotoka Tabora na kufika ziwani mwaka 1928 inapita Malampaka, wilayani Maswa, na bandari ya Mwanza ndiyo iliyokuwa mlango wa ukanda wote huu. Pamba ndiyo iliyokuwa fedha ya Msukuma, na pamba haitembei bila dizeli: lori linaloitoa kijijini, kinu kinachoichambua, kichwa cha treni kinachovuta marobota kwenda Dar es Salaam, vyote vinakunywa mafuta. Machi inapoisha, pamba iko shambani na msimu wa kuinunua uko miezi michache mbele. Tena 1979 ndio mwaka ambao bei ya mafuta duniani ilipaa kwa sababu ya mapinduzi ya Iran, huku serikali ikigharimia vita kwa sehemu kubwa kutoka mfukoni mwake yenyewe. Bohari ile ingelipuka, moshi wake ungeonekana Mwanza, lakini hasara yake ingehesabiwa kwenye maghala ya pamba ya Bariadi na Maswa. Aliyechagua shabaha, kwa hiyo, alichagua vizuri. Kosa halikuanzia hapo.

Wala ndege yenyewe haikuwa ya kudharauliwa. Tu-22 ilikuwa na urefu wa karibu mita 42, iliweza kubeba hadi tani 12 za mabomu, na ikibanwa ilikwenda kasi kuliko sauti. Injini zake mbili zilikaa nyuma kabisa, juu ya kiwiliwili, zikiuegemea mkia. Ilirushwa na watu 3: rubani, mwongoza njia aliyekaa puani na kulenga kwa rada, na mwenzao aliyeshughulikia redio na mzinga wa mkiani. Wanaanga wa Kisovieti hawakuipenda sana. Viti vyake vya dharura viliwarusha watu kuelekea chini, si juu, hivyo ndege ikiharibika karibu na ardhi kiti hakikuokoa mtu. Baadhi ya mitambo yake ilipozwa kwa mchanganyiko wa maji na pombe kali, na huhitaji kuambiwa mafundi waliutumiaje mchanganyiko huo pale mkubwa alipogeuka. Nje ya Umoja wa Kisovieti ni Iraq na Libya pekee zilizouziwa ndege hii. Ilikuwa mashine ngumu kuirusha na ngumu kuitunza, iliyobuniwa ifanye kazi ndani ya jeshi lenye ramani, picha za angani, wachambuzi na vituo vya redio. Libya ilinunua ndege. Mfumo uliokuwa nyuma yake ulibaki kwa wenyewe.

Tupige hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo inayomnyima mtu nafasi ya kusingizia bahati. Tuseme ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa. Hizo ni mita 250 kila sekunde. Bomu likiachiwa kutoka kimo cha mita 10,000 huchukua takribani sekunde 45 kufika chini, na muda wote huo linaendelea kusonga mbele kwa mwendo liliotoka nao kwenye ndege, kama embe lililotupwa na mtu aliye juu ya lori linalokimbia. Kwa hiyo mlengaji huachia bomu akiwa bado kilomita kadhaa kabla ya kufika shabaha. Lazima ajue kimo chake, kasi yake juu ya ardhi, na upepo wa kila tabaka ambalo bomu litapita. Kisiwa cha Saanane kiko takribani kilomita 2 tu kutoka katikati ya jiji la Mwanza. Kwa mwendo tuliousema, kilomita 2 ni sekunde 8. Atakayekosea saa yake kwa sekunde 8, au akaidhania kasi yake kidogo kuliko ilivyo, au akachanganya kisiwa na rasi kwenye rada, tayari ameshahama kutoka kwenye matangi ya mafuta na kuingia kwa swala.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, nalo ni la haki. Ufukwe wa ziwa, mtu atasema, ndiyo alama bora kuliko zote kwa mlengaji wa rada, kwa sababu maji huonekana meusi kwenye kioo na nchi kavu huonekana ya kung'aa. Mji wa ufukweni ungepaswa kuwa rahisi kuupata kuliko mji wa nyikani kama Bariadi. Ni kweli kwa ufukwe ulionyooka. Lakini mwambao wa Mwanza haukunyooka hata kidogo. Upande mmoja kuna Ghuba ya Mwanza inayoingia ndani kusini, upande mwingine kuna Ghuba ya Speke inayokwenda hadi Busega, katikati kuna rasi, miamba iliyosimama majini na visiwa vya kila ukubwa. Mtu ambaye hajawahi kuona eneo hilo kwenye rada, wala hakupewa picha za angani za kulizoea, hawezi kutofautisha kwa sekunde chache kipi ni kipi. Alama nzuri humsaidia aliyeisoma kabla. Kwa mgeni asiyeisoma, alama nyingi ni mtego.

Na wala hili si aibu ya Walibya peke yao. Agosti 1941 Waingereza walichunguza picha zilizopigwa na ndege zao za mabomu wakati wa mashambulizi ya usiku, wakakuta kwamba katika ndege zilizodai kuifikia shabaha, ni moja tu kati ya 3 iliyofika ndani ya kilomita 8 kutoka hapo. Hao ni watu waliokuwa wakipigania uhai wa nchi yao. Miaka 3 baadaye, wakiwa na ndege bora, rada bora na uzoefu wa maelfu ya safari, walituma Lancaster zipatazo 100 usiku wa kuamkia 6 Juni 1944 kuipiga ngome ya mizinga ya Merville, iliyolinda pwani ya Normandy nchini Ufaransa. Karibu mabomu yote yaliikosa ngome. Ikabidi askari wa miavuli wachache, baada ya wenzao wengi kupotea gizani, waiteke kwa mkono. Asubuhi ile ile, kwenye ufukwe uliopewa jina la Omaha, Wamarekani walituma ndege 329 aina ya B-24 kuzipiga ngome za ufukweni kabla askari wao hawajashuka. Mawingu yalikuwa yametanda. Kwa hofu ya kuwaua wenzao waliokuwa majini, wanaanga waliagizwa wachelewe kuachia mabomu kwa sekunde kadhaa, wengine hadi sekunde 30. Mabomu yakaangukia bara, mengine kilomita 5 kutoka ufukweni. Ng'ombe wa wakulima wa Kifaransa waliona cha moto. Mizinga na bunduki za Wajerumani zilibaki nzima, na askari walioshuka walilipia kwa damu. Kama jeshi lenye kila kitu liliweza kukosa ufukwe mzima mchana, ndege moja iliyotumwa kwa pupa ingeshangaza kama ingepatia.

Mfano ulio karibu nasi zaidi una umri mkubwa kuliko huo, na unafundisha zaidi. Baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikono ya delta ya Rufiji, ikiwa na mizinga 10 ya milimita 105, huku askari wenye mizinga midogo na bunduki wakilinda midomo ya mto. Waingereza walijaribu kuifikia kwa ndege. Ndege za kwanza za kutua majini hazikuliweza joto na unyevu wa pwani yetu: gundi iliachia, mbao zikapinda, injini zikashindwa hata kuinua mabomu. Waliichukua Mafia Januari 1915, wakatengeneza uwanja pale, wakaleta ndege nyingine. Kisha wakafanya jambo la akili: waliacha kuitegemea ndege kama mpigaji, wakaigeuza kuwa jicho. Tarehe 6 Julai 1915 meli bapa za mizinga, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikafyatua makombora zaidi ya 600, na machache mno yakaipata Königsberg. Zilirudi nyuma, mpango ukapangwa upya. Tarehe 11 Julai rubani John Cull na msaidizi wake Harwood Arnold walikuwa angani wakituma kwa redio ya alama marekebisho ya kila mpigo: mbele kidogo, nyuma kidogo, kushoto. Ndege yao ilipigwa, ikaanza kushuka. Arnold aliendelea kutuma marekebisho huku wakianguka, mpaka ndege ilipopinduka mtoni. Wote wawili waliokolewa, na siku hiyohiyo Königsberg ikaisha. Ndege iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya vitambaa na mbao, isiyofikia hata sehemu ya kumi ya mwendo wa Tu-22. Ilishinda kwa sababu ilikuwa sehemu ya mpango ambao ulishakosea mara moja, ukajisahihisha.

Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa kisa hicho kina mkia. Wajerumani waliiopoa mizinga ya Königsberg, wakaitawanya nchini, na mmoja ukaletwa Mwanza. Julai 1916 Waingereza hawakuja kushindana na mzinga ule kutoka majini. Waliteremsha askari mashariki ya mji, wakauendea kwa nchi kavu, na Mwanza ikaanguka.

Turudi 1978, kwa kuwa Amin mwenyewe alikuwa ameshapewa somo hili kabla Gaddafi hajamtumia ndege. Baada ya majeshi yake kuvamia Kagera, alitaka daraja la Kyaka livunjwe ili jeshi la Tanzania, JWTZ, lisivuke mto. Ndege zake za kivita zilitumwa kulipiga, mabomu yakaangukia kando huku walinzi wetu wakizifyatulia risasi kutoka chini. Hatimaye alitafutwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe. Akatega baruti kwenye nguzo, mapema Novemba, na daraja likaanguka. Daraja halitembei, halijifichi, urefu na upana wake unajulikana. Bado ndege zilishindwa na fundi wa migodi akaweza. Ambaye angeyachukua hayo kwa uzito mwaka 1979 asingetegemea safari moja ya ndege moja kuibadilisha vita.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Linasema hivi: Gaddafi hakuhitaji kupatia. Alitaka Watanzania wasikie mlio, wajue kwamba Mwanza inafikika, kisha woga ufanye kazi yake. Kwa mizani hiyo, bomu lililoangukia Saanane lilifikisha ujumbe sawasawa na lililoangukia mafuta. Hoja hii inaeleza vizuri kwa nini safari ile ilipangwa kizembe, na kwa hilo naipokea. Ila inasahau kwamba kitisho nacho hupimwa kwa matokeo yake. Vitisho vya bomu huogopesha pale mtishwaji anapoamini kwamba la pili litapatia. Bomu lililoua swala lilimwambia Mwalimu kinyume chake: kwamba huyu bwana ana ndege lakini hana shabaha. Ndege za Tanzania zilijibu kwa kushambulia maghala ya mafuta ndani ya Uganda, Kampala, Jinja na Tororo, na vita ikaendelea kama ilivyopangwa. Entebbe ikatekwa 7 Aprili. Kampala ikaanguka 11 Aprili, siku 13 tu baada ya mabomu ya Saanane.

Wapo pia watakaosema kwamba Mwanza iliokoka kwa sababu ulinzi wake wa anga uliwababaisha Walibya, hivyo sifa ziende kwa wapiga mizinga wetu. Natamani iwe hivyo, lakini haki itendeke pande zote. Mwanzoni mwa vita hiyohiyo, walinzi wetu wa anga huko Musoma, jirani zetu wa Mkoa wa Mara, walizitungua kwa makosa ndege 3 za Tanzania yenyewe zilizokuwa zikielekea Mwanza. Kosa la Musoma na kosa la Saanane ni ndugu. Yote mawili yametokana na watu kuwa na silaha ya kasi kubwa bila mfumo wa kuwaambia kwa hakika kilicho mbele yao ni nini. Tofauti ni kwamba upande mmoja ulikuwa na miezi ya kujifunza na uliitumia, na upande mwingine uliweka karata zake zote katika safari moja.

Na mafunzo ya wanaanga je? Yamezungumzwa sana, kwamba Walibya hawakuiva. Huenda, lakini hoja hiyo inamtwika mwongoza njia aliyekaa puani mzigo wa waliomtuma. Mtu huyo alipewa nchi asiyoijua na ziwa ambalo upande mmoja wake hauonekani kutoka upande mwingine. Muda wake nao ulibanwa na saa 24 za kisiasa zilizotangazwa kwa fahari. Katika jeshi lililojipanga, tarehe ya shambulizi hutokana na picha kukamilika, hali ya hewa kusomwa na njia kufanyiwa mazoezi. Hapa tarehe ilitoka kwanza, mengine yakaifuata yakihema. Rubani hodari angeweza kupunguza kosa kutoka kilomita mbili hadi moja. Hata hivyo matangi yangebaki yamesimama.

Kuna anayeamini kwamba haya yote ni historia iliyokwisha, kwamba silaha za leo zinazoongozwa na satelaiti zimeondoa tatizo. Zimeondoa tatizo la sekunde 8, hilo nakubali. Hazijaondoa tatizo la kujua nini kipo mahali unapopapiga. Silaha ya kisasa itafika kwa usahihi kwenye nambari ulizoiandikia, na kama nambari hizo ni za bustani ya wanyama, itaipiga bustani ya wanyama kwa usahihi wa kutisha. Ndiyo maana nchi zenye fedha nyingi bado huajiri watu wa kutazama picha, si wa kurusha ndege tu.

Tofauti kati ya pande mbili za vita ile inaonekana vizuri zaidi katika jambo ambalo halina mlio wowote. Majeshi ya Tanzania yalipoikaribia Kampala, Mwalimu aliagiza barabara ya mashariki, ile inayokwenda Jinja, iachwe wazi ili Walibya wapate pa kutokea. Aliona kwamba adui aliyezibiwa njia atapigana mpaka mwisho, na kwamba maiti za Walibya zingeipanua vita kuliko kuifupisha. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeitazama ramani nzima, akafikiria kesho ya pande zote. Ulifanya zaidi ya tani zote 12 ambazo Tu-22 ingeweza kubeba.

Kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mvuvi aliyekuwa akikaa pale kabla serikali haijakichukua, sasa ni hifadhi ya taifa, tangu 2013. Wanafunzi kutoka Simiyu huenda kukitembelea. Ombi langu ni kwa walimu wao wa historia na wa fizikia, kuanzia Lamadi hadi Maswa: kabla ya safari hiyo, wawekeeni ubaoni kasi, kimo na umbali, wapige wenyewe hesabu ya sekunde 8. Kisha waelekezeni wakamtafute mzee wa kijijini kwao aliyekuwapo Machi 1979, wamwulize mafuta, lori na pamba vilikuwaje msimu ule, na waandike anachosema. Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo leo amevuka 65.